Kalamu ya Katekista Ponsian

Evarist alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Mpanda, mahali reli inapoishia. Alikuwa amepita miaka hamsini, lakini watu waliomwona akivuka uwanja wa stesheni na karatasi zake za magunia walidhani anakaribia sabini. Macho yake yalikuwa mekundu muda wote. Akikaa kitini kungoja behewa lifunguliwe, kidevu kilimwangukia kifuani, na wapakiaji walijifunza kukohoa kabla ya kumsemesha.

Sababu ya kuchoka kwake kila mtu aliijua. Mkewe Josephina alikuwa amepooza upande wa kulia. Ilimpata asubuhi moja akichambua mchele. Ungo ukamtoka mikononi, naye akaanguka juu yake. Tangu hapo misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita. Evarist ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha uji, aliyemgeuza usiku ili ngozi isichubuke. Binti yao Katarina alikuwa ameolewa Tabora na alikuwa na watoto wadogo. Aliyesaidia ni Cecilia, mdogo wake Josephina, aliyekuwa akilima kule Misunkumilo na kuja mjini mchana shamba linapomruhusu.

Katika maisha hayo Evarist alikuwa na jambo moja tu la kwake mwenyewe. Alikusanya kalamu za wino za Kijerumani.

Lilianza mgodi wa madini ya risasi ulipofungwa. Karani mmoja wa mgodini, akiondoka kurudi kwao, alimwachia kalamu aina ya Pelikan yenye mistari ya kijani. Evarist alikuwa amezoea kalamu za kuchovya. Siku ile aliposhika kitako cha Pelikan akakizungusha, akaona wino unapanda wenyewe ndani ya tumbo la kalamu, aliisogeza kwenye mwanga. Akaushusha wino, akaupandisha tena. Kuanzia hapo alitaka kujua nani alifikiria jambo lile, na kama walikuwapo wengine waliofikiria kwa namna nyingine.

Walikuwapo. Polepole, kwa kuulizia kwa wasafiri, walimu na mapadri, aliwajua mmoja mmoja. Geha walikuwa Hannover, mji uleule wa Pelikan, nao waliweka kidude kidogo chini ya nibu, ile ncha ya kuandikia. Wino ukikuishia katikati ya sentensi unakibonyeza, unapata akiba ya kumalizia ukurasa. Kaweco na Lamy walikuwa Heidelberg. Montblanc wa Hamburg waliweka nyota nyeupe kwenye kifuniko. Evarist hakuwahi kuvuka hata Dodoma, lakini miji hiyo aliitaja kama mtu anayetaja vituo vya treni. Kalamu zenyewe alizihifadhi katika kitambaa kizito chenye vijifuko, alichoshonewa na Josephina zamani mikono yake ikiwa mizima.

Kalamu ya mtengenezaji mmoja tu hakuwa nayo. Soennecken, wa mji wa Bonn. Aliwahi kuandika barua kule, akaambiwa kiwanda kilikwisha kufungwa miaka mingi. Basi hamu ikazidi. Alitaka kuishika angalau moja, aone watu wale nao walikuwa wamefikiria nini. Aliwaambia madereva wote wa malori: mkisikia mzee yeyote ana kalamu ya wino ya zamani, hasa ya Soennecken, mniambie.

Leodgar, dereva wa lori la misheni, ndiye aliyeleta habari. Alikuja ofisini na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Karani, nimepata jambo lako," alisema. "Sitalike kuna katekista mzee, anaitwa Ponsian. Ana kalamu aliyopewa na padri Mjerumani kabla ya Vita ya Pili. Wanasema ana nayo mpaka leo, haiachi mfukoni."

"Ya kiwanda gani?"

"Mimi sikuiona. Niliongea na mpwa wake. Nikamwambia yale maneno yako, akasema ndiyo, hiyohiyo, Soneki."

"Yeye ndiye alisema Soneki, au wewe ndiye ulimwambia Soneki?"

Leodgar alikuna kichwa. "Tuliongea wote."

Evarist alikaa na habari hiyo karibu mwezi mzima bila kufanya lolote. Nguvu hakuwa nazo. Cecilia ndiye aliyemsukuma. Alimkuta siku moja jikoni amesimama mbele ya sufuria la uji, mwiko mkononi, amelala wima.

"Shemeji, uji unaungua."

Akashtuka.

"Kuna mahali ulisema unataka kwenda," Cecilia alisema, akimnyang'anya mwiko. "Nenda."

"Ni kalamu tu, Cecilia."

"Hata kama ni ufagio. Nenda Jumamosi, urudi Jumapili. Mimi nitalala hapa na dada. Ukiendelea hivi nitabaki na wagonjwa wawili, na mimi siwawezi."

Josephina alikuwa amesikia kutoka kitandani. Maneno yake siku hizo yalitoka mafupi na mazito, kama mtu mwenye ugali mdomoni. Alisema, "Baba Katarina. Nenda."

Jumamosi alipanda lori la Leodgar. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, miti imekauka, moshi wa moto wa porini umetanda, na mbung'o waliingia kwenye lori wakawauma juu ya nguo. Evarist alivaa shati jeupe na suruali nyeusi ya kazi, kwa kuwa hakupenda kwenda kuongea na mzee akiwa amevaa ovyo. Njia nzima alipanga maneno. Asingeomba kuichukua kwanza. Angeomba kuiona. Halafu, mzee akipenda mazungumzo, angemweleza habari za wale wa Bonn.

Leodgar alimshusha kijijini, akaahidi kumpitia kesho yake akitokea Mpimbwe. Evarist alimuuliza mwanamke mmoja aliyebeba kuni nyumba ya katekista Ponsian iko wapi. Mwanamke alilitazama shati lake jeupe na suruali nyeusi, uso ukalegea.

"Poleni," alisema. "Pita hapo kwenye mihogo. Utawaona watu."

Evarist hakuielewa ile pole mpaka alipowaona watu wenyewe. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo upande mmoja wa ua, wanawake kwenye mikeka upande wa pili. Hapakuwa na kilio. Palikuwa na ule ukimya wa watu waliokwisha kulia na sasa wanangoja chakula. Mzee Ponsian alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia.

Angegeuka, lakini walikuwa wamekwisha kumwona. Mzee mmoja alinyanyuka akampisha kwenye gogo lake. Mwingine akamuuliza ametoka wapi, naye akasema Mpanda, stesheni. Habari ikazunguka ua. Mtu ametoka reli! Ametoka Mpanda kwa ajili ya mzee Ponsian! Wakampeleka kwa mjane, Mama Pelagia, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, ameketi ameegemeza mgongo ukutani.

"Shikamoo mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu. Mlifahamiana wapi na mume wangu?"

Evarist alifungua mdomo. Watu wote walikuwa wakimtazama kwa heshima. "Nilisikia habari zake," alisema.

"Watu wengi walisikia habari zake," mjane alisema, akatikisa kichwa. "Kaa ule."

Akala. Ilikuwa ugali na samaki wa mto Katuma, na kila tonge alilimeza akitazama chini. Alijiona mwongo, ingawa hakuwa amesema uongo. Alikuwa akitafuta namna ya kuondoka aende akangoje lori barabarani, ndipo mtu mmoja alipokuja kuketi karibu naye. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali.

"Mimi Fabiani," alisema kwa sauti ya chini. "Mpwa wa marehemu. Wewe ndiye yule karani wa kalamu."

Evarist aligeuka kuona kama kuna aliyesikia.

"Usiogope, sijamwambia mtu. Leodgar alinieleza. Soneki."

"Soennecken."

"Hiyohiyo. Ipo."

Evarist alijisikia moyo ukipiga, akauonea aibu. "Ipo wapi?"

Fabiani alinyoosha midomo kuelekea nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Msalaba mpya wa mbao ulionekana kati ya mabua.

"Amelala nayo. Mfukoni, hapa." Akajigusa kifua. "Mkewe ndiye alitaka hivyo. Sisi tulimwambia kitu kama kile hakizikwi. Hakusikia."

"Basi," Evarist alisema. "Imekwisha."

"Haijaisha, bwana karani. Udongo bado ni laini. Na mimi ndiye nilichimba, najua kina chake." Akasogea karibu zaidi. "Sitaki kitu kikubwa kwako. Nataka uniingize reli. Hata kupakia magunia. Nimechoka kulinda mpunga wa watu dhidi ya viboko. Wewe useme neno moja kwa mkubwa wako, na mimi kesho alfajiri, kabla watu hawajaamka, nakuletea kalamu yako. Nani atajua?"

Mtu mwenye nguvu zake angesimama akakataa palepale. Evarist alijua hilo wakati ule, na alilijua baadaye pia. Lakini kukataa kulihitaji kuinuka, kukunja uso, kutafuta maneno, labda kubishana. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi: aliiona kalamu ile. Aliiona imelala kwenye mfuko wa shati, kifuniko chake, jina la Bonn limechongwa ubavuni, na hakuna mtu duniani anayeisoma. Alikaa kimya. Fabiani akamgusa goti, kama watu waliokwisha kukubaliana, akaondoka.

Evarist alijiegemeza kwenye nguzo ya kibanda cha wageni ili afikiri. Jua lilikuwa bado juu. Mtu alimtandikia mkeka. Alifikiri atafumba macho kidogo tu.

Alipoyafumbua kulikuwa kunapambazuka. Alikuwa amelala mchana, jioni na usiku kucha bila kugeuka. Mtu alikuwa amemfunika shuka. Kwa muda hakujua yuko wapi, wala kwa nini hakuna mtu wa kumgeuza. Halafu akasikia mlio wa jembe upande wa shambani, akakumbuka yote kwa pamoja.

Alikwenda bila viatu. Fabiani alikuwa amekwisha kuondoa mawe yaliyozungushiwa kaburi na kuyapanga pembeni, na alikuwa ameanza kukwangua udongo wa juu upande wa kichwani. Alitabasamu alipomwona.

"Nilidhani umebadili mawazo, ulivyokuwa unakoroma."

"Acha, Fabiani."

"Nusu saa tu."

"Nimesema acha."

"Jana ulikubali."

"Jana nilinyamaza."

"Si ndiyo kukubali?" Fabiani aliinua jembe tena. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyekwisha kuiona kazi ya reli mbele ya macho yake, na hakutaka kuiachia.

Evarist alikuwa na mikono ya ukarani. Kumnyang'anya jembe asingeweza. Kupiga kelele asingethubutu, kwa aibu ya yule mjane. Akafanya jambo moja aliloliweza. Alipanda juu ya kaburi akaketi. Aliketi katikati ya tuta na suruali yake nyeusi, magoti yamepanda, mikono juu ya magoti.

"Inuka, bwana."

"Siinuki."

"Unakalia marehemu!"

"Najua ninachokalia. Nimechoka, Fabiani. Nina mgonjwa nyumbani, nina kazi, nimechoka hadi kwenye mifupa, na hapa nimepata pa kukaa. Ukitaka kuchimba, chimba na mimi nikiwa hapahapa."

Fabiani aliweka jembe chini. Aliinama, akamshika Evarist makwapani, akajaribu kumwinua. Evarist alijilegeza kama gunia. Walikuwa katika hali hiyo, mmoja anavuta na mwingine anaanguka, wote wawili wamejaa udongo, Mama Pelagia alipotokea kati ya mabua akiwa na ufagio wa njiti. Alikuwa akija kila asubuhi kufagia pale.

Aliyatazama mawe yaliyopangwa. Aliutazama udongo uliokwanguliwa upande wa kichwani. Halafu akamtazama Evarist, aliyekuwa bado ameketi juu ya mume wake.

"Nani atanieleza?" aliuliza.

Fabiani alianza kusema kwamba tuta lilikuwa limebonyea. Evarist alimkatiza.

"Mama, mimi sikuja msibani. Sikujua kama kuna msiba. Nilikuja kwa ajili ya kalamu yake. Nakusanya kalamu. Huyu aliniambia amezikwa nayo, akasema ataitoa, na mimi jana sikumkataza. Leo ndiyo nimekuja kumkataza."

Mikono ya mjane ilikuwa ikikaza kwenye ufagio hadi njiti zikalia, na Evarist alifikiri atampiga nao. Angestahili.

"Fabiani," alisema mwishowe. "Rudisha udongo wa mjomba wako. Rudisha na mawe. Yote."

Fabiani akaanza, bila kuinua macho.

"Na wewe toka hapo juu."

Evarist akainuka. Alisimama kando kama mtoto wa shule aliyetolewa mbele ya darasa, naye Mama Pelagia akafagia pale alipokuwa ameketi, akafuta alama ya makalio yake, taratibu, mpaka ikaisha.

"Hiyo kalamu," alisema bila kumtazama, "ungeifanya nini?"

"Ningeisafisha. Ningeiangalia imetengenezwaje."

"Halafu?"

"Ningeiweka pamoja na nyingine."

"Usingeiandikia?"

"Mara chache. Wino siku hizi haupatikani."

"Basi una matatizo," alisema mjane, na hakusema kwa ukali. Alikaa juu ya jiwe moja ambalo Fabiani hakuwa amelifikia. "Padri alikuja akaiomba, aiweke misheni. Mwalimu akaiomba. Watoto wa dada yake wakaiomba, huyu akiwa mmoja wao. Mume wangu bado hajapoa, watu wanaulizia mfuko wake. Nikaona ili niweze kulia kwa amani, aende nayo. Sikuwa na sababu nyingine."

"Nakuelewa, mama."

"Huyo mgonjwa wako ni nani?"

Evarist alimweleza. Hakuwa amekusudia kueleza mengi, lakini maneno yalitoka: mchele uliomwagika, uji, kitanda, namna anavyoamka kumgeuza, namna anavyosinzia mbele ya wapakiaji. Mjane alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za kijiji anachokijua.

"Ponsian alilala kitandani mvua tatu," alisema. "Mgongo. Nilimgeuza hivyohivyo. Nilisema moyoni, siku Mungu akimchukua, nitalala usingizi mpaka nichoke. Sasa amemchukua. Na mimi naamka vilevile. Saa ya kumgeuza ikifika nafumbua macho, mikono inatafuta. Tangu tumzike sijalala hata usiku mmoja." Alinyoosha ufagio kuelekea kibandani. "Jana ulivyokuwa unakoroma pale kibandani, wenzangu walikucheka. Mimi nilikuonea wivu. Nikaja nikakufunika shuka."

Evarist alimsaidia Fabiani kurudisha jiwe la mwisho. Kisha aliuliza swali moja, kwa kuwa asingeweza kuondoka bila kuliuliza.

"Mama, ilikuwaje? Kwa sura."

"Nyeusi. Ilikuwa na kipete cha njano. Mpira wa ndani ulikufa zamani, alikuwa anaichovya tu wino kama kijiti."

"Ubavuni iliandikwa nini?"

"Iliandikwa. Mimi sijui kusoma."

Fabiani, mikono imejaa udongo, alisema, "Na mimi sikuwahi kuisoma. Leodgar ndiye alisema Soneki. Nikasema ndiyo."

Kalamu nyeusi yenye kipete cha njano. Ingeweza kuwa ya Bonn, ya Hamburg au ya Heidelberg. Pengine haikuwa ya Ujerumani kabisa. Evarist alitazamia kwamba jambo hilo lingemuuma. Lilimuuma, lakini kidogo, kama kidonda cha mtu mwingine.

Leodgar alimpitia mchana. Njiani hakuuliza mengi. Aliona udongo kwenye suruali na uso wa mwenzake, akaanza kuzungumzia bei ya matairi. Mjane alikuwa amemfungia Evarist samaki wakavu kwenye majani, mtu asiondoke msibani mikono mitupu.

Nyumbani, Cecilia alikuwa uani anaanua nguo. Josephina alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito miwili.

"Umepata?" aliuliza.

"Sikupata. Mwenyewe amekufa, amezikwa nayo."

Evarist aliketi ukingoni mwa kitanda akamweleza. Alianza na shati jeupe na yule mwanamke wa kuni, akapita kwenye samaki wa msibani. Alipofika mahali alipopanda juu ya tuta na Fabiani akamshika makwapani, alisikia sauti asiyoizoea. Mwanzo alidhani mkewe anapaliwa. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka na upande wa pili umetulia, machozi yanamshuka, mate yanamshuka, na Cecilia alikuja mbio na nguo begani kuona kuna nini.

"Juu ya kaburi," Josephina alisema. "Wewe. Karani."

"Mimi."

"Na suruali ya kazi."

"Na suruali ya kazi."

Akacheka tena. Evarist alimfuta mdomo kwa kona ya kanga, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka sasa, kicheko kilichomchosha zaidi ya safari. Walipotulia, Josephina alimtazama kwa muda.

"Kwa nini za Wajerumani?" aliuliza. Katika miaka yote ile hakuwa amewahi kuuliza.

Evarist alifikiri. Alikuwa na majibu mengi aliyowapa madereva na walimu, kuhusu nibu na dhahabu na ufundi. Hakutumia hata moja.

"Zinafunguka," alisema. "Ikigoma kuandika, unaifungua, unaona kimeharibika nini. Unakiona kwa macho."

Mkono wa kushoto wa Josephina, ulio mzima, ulikuja ukakaa juu ya goti lake lenye udongo.

Jioni ile Cecilia alimwambia kwamba ameona kazi ilivyo, na kwamba mtu mmoja haiwezi. Angehamia mjini mpaka mvua zianze. Shamba lilikuwa tupu hata hivyo. Wangepokezana usiku. Evarist alitaka kusema si lazima, lakini safari hii pia alikuwa amechoka mno kubishana, na ikawa bahati yake.

Kalamu hakuziacha. Alizitoa mara mojamoja akazipangusa vumbi, ila madereva hakuwauliza tena, na Leodgar alipoleta habari za mzee mwingine kule Karema, Evarist alimwambia wamwache kwanza. Kwa mkubwa wa stesheni alikwenda kweli. Alisema kuna mtu wa Sitalike, mwenye nguvu, ambaye hufanya kazi mpaka mwisho hata ikiwa mbaya. Fabiani alikuja na koti lake la mvua wakati wa msimu wa mahindi, akapewa kupakia magunia kwa kibarua. Hawakuwahi kulitaja kaburi. Akimkuta Evarist amesinzia kitini, alikohoa kama wenzake.